Shairi la Tisa

Karatasi ilikuwa moja, imekunjwa mara nne, na ilikutwa ndani ya kitabu cha mbolea. Batya aliileta mwenyewe chumbani kwa akina Zevulun saa kumi alasiri, saa ya chai, akiwa amevaa gauni lake la Sabato ingawa siku ilikuwa Jumanne. Alikataa keki. Alisema hawezi kutafuna huku ameshika kitu kama hiki.

Batya alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kijitabu. Kwetu Ein-Gefen, kibutzi cha wakulima ambako mali yote ni ya wote, kila kitu kina kamati. Viatu vina kamati, miti ya kivuli ina kamati, na kijana wa kibutzi akifa vitani huundiwa kamati inayokaa mwaka mzima ikikusanya barua zake, picha zake na maneno ya wenzake, ili siku ya kutimia mwaka kila familia ipate nakala ya kijitabu chake. Vijitabu vinne vilikuwa tayari kwenye rafu ya chumba cha kusomea. Ukivisoma vyote vinne utadhani tulimpoteza kijana mmoja mara nne: mnyenyekevu, msema machache, mwenye tabasamu, wa kwanza kazini na wa mwisho kwenye foleni ya chakula. Cha tano kilimnyima Batya usingizi, kwa sababu Amikam mwana wa Zevulun alikuwa msema machache kwelikweli. Hakuacha kitu. Barua zake kutoka jeshini, huko kwenye Mfereji wa Suez, zilikuwa kumi na tatu, na katika hizo kumi na moja ziliomba soksi.

Sasa kulikuwa na karatasi. Batya aliikunjua mezani, kando ya bilauri za chai, akaisoma kwa ile sauti aliyoitumia darasani kwa miaka ishirini na mitano:

Sh. 9
Fungua la mashariki, taratibu.
Subiri mpaka lipumue.
Usihesabu. Sikiliza.
La saba linalia, lifunge kitambaa.
Kabla jua halijagusa mikaratusi, sogeza kumi na mbili.
Mzee asiamshwe.
Kama sijarudi, endelea hivi hivi.

Ruhama, mama yake Amikam, aliomba aishike. Aliisoma kimya, midomo ikichezacheza, na alipofika karibu na mwisho akaziba mdomo kwa kiganja. Batya aliona, akafurahi. Alisema hivyo ndivyo alivyofanya yeye pia.

"Ni maelezo ya kumwagilia," Zevulun akasema.

Batya alimtazama jinsi anavyomtazama mtoto anayesema jibu kabla swali halijaisha. Alieleza. La mashariki ni lango, lango la mapambazuko, nani asiyeona? La saba ni siku ya saba, Sabato, inalia kwa sababu askari hana Sabato. Kumi na mbili ni makabila ya Israeli. Na Mzee, hapo sauti ya Batya ilishuka, Mzee ni Yeye. Kijana yuko vitani, anajua Mungu amelala, na kwa huruma, fikiria Zevulun, kwa huruma, anaomba asiamshwe. Halafu kule juu: Sh. 9. Shairi la tisa.

"Shamba la tisa," Zevulun akasema.

"Kwa hiyo kuna manane mengine," Batya akaendelea. "Tutayatafuta."

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akamshika Ruhama mikono yote miwili. Akamwambia kwamba alikosea. Miaka sita iliyopita ni yeye aliyeandika kwenye ripoti ya Amikam, ile iliyosomwa mbele ya Kamati ya Elimu, kwamba mikono ya kijana ni mizuri lakini ulimwengu wake wa ndani ni finyu. "Nilikuwa kipofu," alisema. "Nitaliandika hilo kwenye dibaji, kwa jina langu."

Ruhama alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka sita. Alijibu kwamba si kitu, akamfungulia mlango.

*

Kamati ilikuja kupekua siku ya pili yake, wanawake watatu na sanduku tupu. Chumba cha Amikam kwenye nyumba za vijana kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, kwa hiyo vitu vyake vilikuwa kwenye maboksi mawili chini ya kitanda cha wazazi wake, na wazazi wakakaa ukingoni mwa kitanda, miguu imeinuliwa, wenzao wakivuta maboksi. Walipata spana tatu, kisu, picha nne za trekta, na picha moja ya msichana aliyevaa kofia tu. Hiyo ya msichana mwanamke mmoja aliigeuza kifudifudi akasema haraka kwamba haihusiani na kijitabu. Mashairi hayakuwemo. Batya alisema labda aliyachoma. Washairi wengi huchoma, alisema, na akaandika hilo kwenye daftari lake.

Walipotoka Zevulun alirudisha maboksi mahali pake kwa kuyasukuma na mguu, mkono umeshika kiuno.

"Mwanangu alikuwa mmwagiliaji," alisema. "Mmwagiliaji mzuri kuliko wote waliopita pale. Hilo haliwatoshi?"

"Mimi linanitosha," Ruhama alisema. "Wao halijawahi kuwatosha tangu ana miaka kumi na mitano."

"Basi tuwaache waseme uongo."

"Tuwaache wakosee. Wamekosea mara nyingi wakamwumiza. Mara hii wakosee kwa faida yake."

Zevulun alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ana kitu kimoja tu alichobakiwa nacho, nacho ni kumjua. Kijitabu kikitoka na huyo mshairi wao, miaka ishirini ijayo mtoto atakayefungua rafu ile atamkuta mshairi. Yule aliyekuwa anasikiliza bomba kwa sikio na kujua liko tupu au limejaa hatakuwepo mahali popote. Atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii wamemuua wenyewe.

Ruhama alikusanya bilauri. Zevulun alichukua kofia akaenda kwa katibu, akamwambia anapinga, na kwamba analipeleka jambo hili kwenye mkutano mkuu.

*

Mkutano mkuu hukaa Jumamosi jioni katika ukumbi wa chakula, meza zikishafutwa. Wanawake hufuma sweta, wanaume hubangua mbegu za alizeti, na mambo ya dunia huamuliwa kwa mikono kuinuliwa. Mwaka ule tulikuwa tumeshapiga kura kuhusu birika za umeme vyumbani, kuhusu uzazi wa mpango na kuhusu vita vya Vietnam. Jumamosi ile ajenda ya tatu, baada ya nzi kwenye banda la ng'ombe, ilisema: Karatasi ya marehemu Amikam, ni shairi au si shairi.

Katibu, Elyakum, mtu wa haki na wa miwani, alimpa baba nafasi ya kwanza. Zevulun alikuwa amenyoa na kuvaa shati jeupe. Alikwenda kwenye ubao ambao wapishi huandika chakula cha wiki, akafuta siku za Jumatatu na Jumanne, akachora shamba la tisa. Alizungumza dakika ishirini. Hakuwahi kuzungumza zaidi ya mbili katika ukumbi ule. La mashariki ni bomba la mashariki, hapa. Ukilifungua kwa pupa litapasuka, ndiyo maana taratibu. Kwanza linatoa hewa, phuu, hapo limepumua, maji yanafuata nyuma. La saba lina kiungio kibovu, linapiga kelele na kuvuja, na Kamati ya Ununuzi imeombwa kiungio kipya mara tatu. Kumi na mbili ni safu kumi na mbili za pamba, ndiyo hatua ya kusogeza mabomba.

"Na Mzee?" aliuliza Feivel kutoka meza ya mbele.

Feivel alikuwa mzee wa itikadi. Alifika nchini na begi moja la nguo na mawili ya vitabu, na mawili hayo yalikuwa yote ya mwandishi mmoja. Kwake yeye shairi lilikuwa sawa tu. Kilichomkera ni Mungu kupigwa chapa kwa karatasi ya kibutzi, tena akiwa amelala, jambo linalodokeza kwamba anaweza kuamka.

"Mzee ni pampu," Zevulun alisema. "Ile pampu ya zamani ya dizeli. Asiamshwe, yaani isiwashwe kabla ya wakati."

"Inaitwa Mzee?"

"Pampu ya mwaka thelathini na nane ungeiita nani, Feivel? Binti?"

Watu wakacheka, na Zevulun akapata nguvu. Akasema shamba la tisa ni lake tangu walipolitoa mawe, miaka ishirini na miwili, na hakuna zamu aliyoikosa, iandikwe. Zamani walisogeza mabomba mara mbili, saa kumi alfajiri na saa moja asubuhi. Ni yeye aliyepiga kelele miaka yote kwamba ile ya saa kumi ni upuuzi, pamba haijui saa. Hawakumsikiliza. Miaka mitatu iliyopita wataalamu wa maji wakaja, wakakubaliana naye, zamu ya saa kumi ikafutwa. Tangu hapo anakwenda saa moja, na pamba haijawahi kuwa nzuri kama hivi.

Kwenye benchi la watu wa pamba, pembeni kule karibu na birika kubwa, kila mtu alikuwa anatafuta mbegu moja iliyomponyoka sakafuni. Walishangilia kidogo baadaye, kwa makofi.

Mwanamke mmoja mfumaji, bila kuinua macho kwenye sindano zake, aliuliza jambo. Alisema anavyojua yeye, kiangazi saa moja jua huwa limeshapita mikaratusi zamani. Karatasi inasema kabla jua halijaigusa. Inakuwaje?

Zevulun aliutazama ubao. Alichora mkaratusi mmoja, akaufuta kwa kiwiko.

"Alikosea kuandika," alisema.

Batya alisimama taratibu, kwa sababu alijua ameshinda. "Ndugu zangu, mnaona wenyewe. Kama haya ni maelezo, yana makosa. Kama ni shairi, hayana hata moja."

Elyakum akaona ni haki kumuuliza mtu wa kazi. Alimwita Yiftah, rafiki yake Amikam tangu chekechea, ambaye sasa anasimamia maji ya shamba la tisa. Je, ndugu Yiftah, kwa uzoefu wake, ni maelezo au ni shairi? Yiftah alisimama akiwa ameshika kofia yake kama mtu anayeomba kazi. Alimtazama Zevulun, akamtazama Ruhama, akaangalia viatu vyake.

"Ni shairi," alisema.

"Kwa nini?"

"Halijaeleza vya kutosha."

Kura zikapigwa. Walioona ni shairi, sabini na mmoja. Walioona si shairi, ishirini na sita. Wasioegemea upande, tisa. Feivel akaomba nyongeza: chini ya ukurasa pawekwe tanbihi kwamba Mzee hapa ni ishara ya Historia. Nyongeza ikapita kwa kura nne zaidi. Zevulun hakusikia nyongeza. Wakati mikono ya sabini na mmoja ilipokuwa juu, alikuwa amegeuka kuangalia meza yake mwenyewe, na mkono wa Ruhama ulikuwa juu pamoja nayo, umenyooka, kama wa mwanafunzi mwenye hakika.

Waliporudi chumbani alitandika blanketi lake sakafuni. Alisema ni kwa ajili ya mgongo.

*

Kanuni za kijitabu zina kifungu kimoja kinachoipa familia ukurasa wake, ambao kamati haina ruhusa ya kugusa hata nukta. Wazazi wengi huweka picha ya mtoto akiwa mchanga. Zevulun alikitaja kifungu hicho kwa namba yake, akaketi mezani siku tatu baada ya kazi, akaandika. Kiebrania alikijifunza ukubwani, shambani, kutoka kwa watu waliokijifunza wiki moja kabla yake, na tahajia ilimpa jasho. Kichwa kilikuwa: Maelezo ya Baba wa Kazi. Siku ya nne, Ijumaa mchana, alimsukumia Ruhama karatasi mezani bila kumtazama. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anamsemesha tangu mkutano.

"Nisahihishie herufi. Herufi tu."

Ruhama alikausha mikono. Alisoma kwa kalamu ya risasi, akatia herufi mbili, akafuta moja. Alipofika mstari wa pampu kalamu ilisimama.

"Hili la pampu litoe."

"Nimeliandika vibaya?"

"Umeliandika vizuri. Si pampu."

"Usianze na wewe. Kwani wewe ni nani, Kamati?"

"Pampu vijana wanaiita Mama Mkwe," Ruhama alisema. "Kwa sababu ikishaanza kunguruma haina mtu wa kuinyamazisha. Hata sisi wa jikoni tunajua. Hawaiiti hivyo mbele yako kwa sababu wanaona haya. Mzee ni jina la mtu mwingine."

"La nani?"

"Lako."

Zevulun alicheka kidogo. "Mimi nina miaka hamsini na mitatu."

"Ndiyo. Na miaka mitatu iliyopita ulikuwa na hamsini, ukaanguka kifudifudi matopeni saa kumi na robo alfajiri, ukasema umeteleza."

"Niliteleza."

"Ulikuwa umelala pale robo saa, Zevulun. Nani alikugeuza?"

Aliyemgeuza alikuwa Amikam, aliyekuwa na miaka kumi na minane, amebakiza mwezi mmoja aende jeshini.

Ruhama aliendelea kwa sauti ileile aliyotumia kusoma herufi. Daktari wa zahanati alimwandikia aache kazi ya alfajiri kwa ajili ya moyo, na yeye Zevulun akaitumia karatasi ya daktari kuwashia jiko. Basi Amikam akaenda kwa msimamizi wa pamba. Akaenda pia kwa mlinzi wa usiku, anayepita na orodha akigonga milango ya watu wa zamu. Kwenye saa kumi, shamba la tisa, palikuwa na jina la baba yake. Alilikata akaandika la kwake. Alipoitwa jeshini, aliandika la Yiftah na wenzake wawili kwa zamu, na kila alipopata likizo alilirudisha lake. Ile karatasi aliiandika likizo ya mwisho, ya Yiftah, ili mambo yaende vilevile akiwa hayupo. Na ajue kumwambia mlinzi mpya asije akagonga mlango huu.

"Zamu ya saa kumi ilifutwa," Zevulun alisema. "Wataalamu wa maji walikuja. Nilikula nao chakula cha mchana."

"Ulikula na wauza mbegu wa kutoka Haifa."

Zevulun aliuliza ni nani wengine wanajua.

"Benchi zima la pamba."

"Waliniacha nikasimama pale dakika ishirini."

"Walikupigia makofi."

"Nani mwingine?"

Ruhama alifikiri, maana alitaka kujibu sawasawa. Ulinzi wa usiku ni wa zamu, kila mwanamume wiki mbili kwa mwaka, na orodha ni ileile, imeandikwa kwa wino, jina lake limekatwa. "Kila aliyelinda," alisema. "Na wake zao, nadhani."

Zevulun alihesabu kwa vidole juu ya meza, akaacha alipofika mkono wa pili. Alikuwa amewalaani watu sabini na mmoja kwa wiki nzima, mmoja mmoja, kwa majina. Alikuwa amewaona ni ng'ombe wasioweza kutofautisha bomba na lango. Sasa aliwapitia tena: fundi viatu, mkamuaji, yule mfundisha kwaya, Elyakum. Watu waliopita mbele ya mlango wake saa kumi alfajiri, taa mkononi, wakatembea kwa ncha za viatu. Labda Batya peke yake ndiye aliyeona makabila kumi na mawili. Batya, na wale wawili wa kamati yake.

"Na wewe ukainua mkono."

"Aliniapisha. Alisema, Mama, akijua atarudi shambani kesho yake, atakufa kwa kiburi, na mimi sitakuwepo kumgeuza." Ruhama aliweka kalamu chini. "Halafu, nisikufiche. Nilitaka pia Batya aandike ile dibaji. Yote mawili. Sioni kwa nini nichague."

Zevulun aliikunja karatasi yake. Aliikunja mara nne, akaifungua, akaitazama, akaikunja tena. Ruhama alitegemea atapiga meza. Hakuipiga.

"Likizo zake zilikuwa za siku mbili," alisema. "Siku mbili, tatu. Mtu anatoka kwenye makombora, ana siku mbili za kulala."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakuja hapa saa ya chai, anasinzia kwenye kiti. Namwambia, vijana wa siku hizi mnalala kama wake wa matajiri." Alibonyeza mkunjo wa karatasi kwa kidole gumba. "Alikuwa anacheka."

Ukurasa wa familia uliwekewa picha ya Amikam akiwa na miaka miwili, amekalia tikiti maji.

*

Siku ya kutimia mwaka ilikuwa ya joto. Tulikwenda makaburini saa kumi na moja jioni, kijitabu kikiwa mkononi mwa kila mtu, na wengi wakajipepea nacho. Dibaji ya Batya ilikuwa ya kurasa tatu, na katika ukurasa wa pili alikiri upofu wake kwa jina lake, kama alivyoahidi, na kwa maneno mazuri hivi kwamba watu walimpongeza yeye. Shairi lilikuwa katikati, peke yake kwenye ukurasa, na tanbihi ya Feivel chini yake. Mtaalamu mmoja wa fasihi kutoka mjini, shemeji yake Batya, alikuwa ameandika kwamba ukavu wa lugha hii ni wa makusudi.

Halafu kwaya ikaimba. Mfundisha kwaya alikuwa ametunga muziki wake mwenyewe, na watu wa pamba walisimama nyuma kabisa wakisikiliza kiungio kibovu cha bomba la saba kikiimbwa na sauti za kwanza za wanawake. Alipofika mstari wa sita mfundisha kwaya aliurudia mara tatu, kila mara chini zaidi, besi peke yake, na mara ya tatu ilikuwa kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Mzee asiamshwe. Watu mia na zaidi walikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama Zevulun. Walitazama mawe, miti, migongo ya waliowatangulia. Hajawahi mtu kutotazamwa na watu wengi namna ile kwa wakati mmoja.

Ruhama alikuwa amemshika mkono. Batya aliwafuata mwishoni, macho mekundu, akamuuliza Zevulun kwa upole kama sasa ameelewa.

"Nimeelewa," alisema. "Ni zuri."

Batya alimbusu shavuni. Alimsamehe yote.

*

Jumapili Zevulun alikwenda ofisini kwa katibu na viatu vya shambani, akasimama kwenye mkeka wa mlangoni asichafue. Elyakum alimwambia aingie tu. Alisema hapana, ni jambo dogo. Anataka kubadilisha kura yake ya mkutano ule. Alipiga si shairi. Anataka iandikwe ni shairi.

Elyakum alivua miwani, akaifuta. Alisema anamwelewa sana kama mtu, lakini kama katibu hawezi. Uamuzi umeshapita, kumbukumbu zimeshasainiwa. Kubadilisha kura ya mtu mmoja lazima jambo lote lirudishwe mbele ya mkutano, na hapo lazima aeleze sababu.

"Sababu sisemi," Zevulun alisema.

"Basi ndugu yangu, itabidi ibaki."

"Andika sikuwepo."

"Zevulun, ulikuwepo. Ulichora ubaoni. Wapishi mpaka leo wanalalamika kuhusu Jumatatu na Jumanne."

Zevulun aligeuza kofia mkononi. Nje trekta ya pamba ilikuwa inapita, na alingoja mpaka ikapita.

"Kwa hiyo andika nilikuwa nimelala," alisema.

Elyakum alimtazama. Katika miaka ile mitatu zamu ya ulinzi ilimwangukia kila mwezi wa Julai, na viatu vyake vya ulinzi vilikuwa na kisigino kimoja kinacholia, hata ilimbidi avivue kila alipofika kwenye njia ya mlango wa Zevulun. Alifungua daftari kubwa la mikutano, akatafuta ukurasa, akachovya kalamu. Mbele ya jina la Zevulun alipiga mstari mmoja mwembamba kwa rula, na juu yake, kwa mwandiko ule mzuri anaoutumia kwa mambo ya kudumu, akaandika: Amelala.

"Saini hapa," akasema.

Zevulun akavua viatu, akaingia, akasaini.